Kutembea Pemba kwa miguu: vilima, mabonde, msitu na maji yanayopwa

Kila mwaka mvua za masika zikishakatika na kusi kutulia, studio yetu hupokea simu na ujumbe wenye swali moja kwa maneno tofauti. Wengine ni vijana wa Dar es Salaam na Tanga wanaokuja likizo kwa wazee wao Wete au Mkoani. Wengine ni Wapemba waliopo Muscat au London wanaotaka kuwaonyesha watoto wao kisiwa. Wanauliza: Je, Pemba kuna pa kupanda mlima? Kuna njia za kutembea? Na mtu aanzie wapi?

Jibu fupi ni kwamba mlima hakuna. Mahali pa juu kabisa pa Pemba hapafiki mita 150 kutoka usawa wa bahari. Lakini njia za kutembea zipo nyingi mno, na mtu akizifuata siku nzima atapanda na kushuka mpaka magoti yamwambie kuwa kisiwa hiki si uwanja wa mpira. Makala hii inaeleza njia hizo zimekaaje, zipi zinafaa kwa mgeni, hatari yake kubwa ni ipi, na kwa nini kuzitembea vizuri ni jambo linalowahusu hata wale wasiozitembea.

Kisiwa kimekaaje?

Pemba ina urefu wa karibu kilomita 67 na upana usiozidi kilomita 22 hivi. Kwa mujibu wa Sensa ya 2022, wakaazi wake wamepita laki tano. Kati yake na bara kuna mkondo wa bahari wa takriban kilomita 50, na mahali pengine kina chake kinapita mita 700. Kina hicho ndicho kinachoeleza mengi. Unguja ilikuwa imeungana na bara mpaka zama za barafu zilipokwisha, miaka kama elfu 10 iliyopita, bahari ilipopanda. Pemba ilitengana na bara zamani zaidi, mamilioni ya miaka nyuma. Ndiyo maana kuna ndege na mimea ambayo haionekani popote duniani isipokuwa hapa.

Upande wa magharibi udongo ni mzito na mwekundu, na mvua za miaka na miaka zimeuchimba ukawa vilima vya mviringo vyenye mabonde kati yake. Juu ya kilima utakuta mikarafuu, minazi, miembe na nyumba. Chini bondeni utakuta mpunga, kijito na migomba. Pwani ya upande huo imekatwakatwa na mahori, yaani ghuba nyembamba zinazoingia ndani ya nchi kavu, na kingo zake zimejaa mikoko. Upande wa mashariki, hasa kuelekea Micheweni, ardhi ni tambarare zaidi na ina mawe ya matumbawe, ile tunayoiita maweni. Kwa hiyo anayekata kisiwa kutoka magharibi kwenda mashariki kwa miguu hupita nchi mbili tofauti ndani ya siku moja.

Njia hizi zilitoka wapi?

Hakuna aliyekaa chini kuchora ramani ya njia za matembezi Pemba. Njia zilikatwa na kazi. Kubwa kuliko zote ni kazi ya karafuu. Zao hilo lilienezwa visiwani katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, wakati wa utawala wa Seyyid Said. Mwaka 1872 kimbunga kikali kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, lakini Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba zao hilo.

Karafuu huchumwa kwa mkono, hubebwa kichwani au mgongoni, hutenganishwa na makonyo, kisha huanikwa juani. Kila shamba likahitaji ujia wa kulifikia, ujia wa kwenda kijijini na ujia wa kushuka bandarini. Juu ya hizo kuna njia za wanawake wanaokwenda kwenye mpunga na visimani, njia za watoto wa chuo na skuli, na njia za wavuvi zinazokwenda moja kwa moja ufukweni. Ukiziunganisha zote, unaweza kutoka Chake Chake hadi Wete bila kukanyaga lami ila pale unapoikata.

Jambo hili lina maana kwa mgeni. Njia unayopita inapita katikati ya shamba la mtu, na mara nyingine uwani kwake. Hakuna kibao wala alama ya rangi kwenye mti. Anayejua njia ni mwenyewe wa pale, na ruhusa ya kupita ni salamu.

Kaskazini: Ngezi hadi Ras Kigomasha

Kwa anayeanza, tunashauri njia ya kaskazini kwa sababu ndiyo iliyopangwa vizuri kuliko zote. Daladala hukufikisha Konde. Kutoka hapo, kilomita chache mbele, barabara inaingia katika Hifadhi ya Msitu wa Asili wa Ngezi-Vumawimbi. Msitu huu ni mabaki ya misitu iliyokuwa imefunika sehemu kubwa ya kisiwa kabla ya mikarafuu. Getini kuna ofisi, kuna ada ya kiingilio na kuna waongozaji.

Ndani kuna njia fupi ya mzunguko ya takriban kilomita 2, ambayo hata mtoto wa darasa la tatu anaimaliza. Utapita chini ya mivule mirefu na mijoho, na kwenye sehemu yenye majimaji utaona mpapindi, mnazi wa porini mwembamba ambao kwa asili yake ni wa Pemba tu. Kima punju, wale wenye mgongo mwekundu, wapo wachache. Hao si wenyeji, bali waliletwa kutoka Unguja katika miaka ya 1970. Tumbili, komba na paa mdogo wapo pia, ingawa paa huonekana kwa bahati.

Ndege ndio hazina. Aina nne ni za Pemba peke yake: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, ndege mdogo wa manjano mwenye pete nyeupe kuzunguka jicho, na bundi mdogo wa Pemba. Huyo bundi ana sauti fupi inayosikika mara tu giza likiingia. Matembezi ya usiku ya kumtafuta yanawezekana, lakini lazima yapangwe mapema na watu wa getini. Kuingia Ngezi usiku bila mwongozaji ni kujitafutia kupotea.

Anayetaka safari ndefu huupita msitu akaendelea mbele. Barabara ya vumbi inatokea Makangale, na rasi inaanza kuwa nyembamba. Mashariki yake kuna ufukwe wa Vumawimbi, mchanga mweupe wa masafa marefu wenye mikoko na minazi nyuma yake. Magharibi kuna Verani na Panga ya Watoro. Mwisho wa yote ni Ras Kigomasha, penye mnara wa taa wa chuma uliosimamishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mlinzi akikuruhusu kupanda ngazi zake nyembamba, utaona jambo ambalo huwezi kuliona chini: kijani cha msitu nyuma yako, maji ya kijani kibichi juu ya miamba, kisha ghafla buluu nzito pale mkondo wa Pemba unapoanza.

Njia hii yote, kutoka getini hadi mnarani kwa miguu, ni kazi ya siku nzima ukihesabu na kurudi. Wengi hutembea kwenda na kurudi kwa bodaboda, na sisi hatuoni ubaya. Kivuli kinaishia msituni, na baada ya hapo ni jua tupu. Beba maji zaidi ya unavyodhani yatakutosha.

Katikati: Kidike na popo wa Pemba

Kati ya Chake Chake na Wete, ndani kutoka barabara kuu, kuna Kidike. Ujia wa kwenda huko unapita mashamba ya karafuu na mihogo, unashuka bondeni na kupanda tena, na kwa hiyo ni mfano mzuri wa Pemba ya ndani. Mwisho wake ni miti mikubwa inayoning'inia popo kama matunda.

Huyu ni popo wa Pemba, anayekula matunda. Mbawa zake zikitandazwa hufika mita moja na nusu hivi. Naye pia hapatikani kwingine duniani. Alikuwa akiwindwa kwa bunduki na mitego kwa ajili ya kitoweo, na miti yake ikikatwa, mpaka kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu waliomhesabu walikuta wamebaki wachache mno, wakahofia atatoweka kabisa. Mwaka 1996 aliwekwa katika daraja la wanyama walio hatarini zaidi kutoweka duniani. Kilichomuokoa kilianzia vijijini. Watu walielezwa kazi ya popo: hueneza mbegu na huchavusha maua ya miti. Wanavijiji wakaunda vikundi vya kulinda maskani yao, na wageni wanaokuja kutazama wakaanza kulipa kiingilio. Makundi mengine yalisalimika kwa sababu yalikuwa juu ya miti ya makaburini, ambako watu hawakati miti ovyo. Leo popo hao wanahesabika kwa maelfu.

Tunawasimulia hili kwa sababu ndilo linaloonyesha wazi matembezi yanaweza kufanya nini. Ujia wa Kidike una faida kwa mwanakijiji kwa sababu mwisho wake kuna kitu hai, na kitu hicho kipo hai kwa sababu ujia una faida. Ukikata upande mmoja, wa pili unaanguka. Ukifika huko, usipige makofi wala kurusha jiwe ili popo waruke upate picha. Popo anayeamshwa mchana hupoteza nguvu, na mama mwenye mtoto anaweza kumwangusha.

Kusini na magharibi: njia za miji ya kale

Kusini-mashariki ya Chake Chake, karibu kilomita 10, kuna magofu ya Pujini. Ni ngome ya karne ya 15 inayohusishwa na mtawala anayeitwa Mkama Ndume, jina ambalo wazee hulieleza kuwa ni aliyewakamua wanaume kama ng'ombe, kwa jinsi alivyowatumikisha. Kuta nyingi zimebomoka, lakini handaki na tuta lake bado unaliona, pamoja na mfereji uliofanya vyombo vidogo vifike ngomeni. Wazee pia husimulia kuhusu kisima chake kilichogawanywa kwa ukuta ili wake zake wawili wasikutane wakichota maji. Kutembea kutoka Chake kwenda Pujini ni njia ya mashamba, miteremko si mikali, na mtu mwenye afya huimaliza kwa asubuhi moja.

Magharibi ya Chake Chake kuna rasi nyembamba na ndefu inayoishia Ras Mkumbuu. Huko kuna msikiti wa Ijumaa uliobaki kuta, na makaburi yenye nguzo ndefu, mabaki ya mji uliokuwa na neema karne ya 14. Mwanaakiolojia James Kirkman alichimba hapo katika miaka ya 1950. Unaweza kwenda kwa gari hadi kijiji cha Ndagoni kisha ukatembea. Wengi hupendelea boti, hasa wakiunganisha na kisiwa cha Misali, ambako kuna njia fupi zilizosafishwa ndani ya msitu wake mdogo.

Na upande wa Wete, ng'ambo ya hori, kuna Mtambwe Mkuu. Maji yakijaa ni kisiwa, yakipwa kimeungana na nchi kavu kwa njia ya tope na mikoko. Mwaka 1984 ilipatikana hapo hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za fedha, ndogo ndogo, zenye majina ya watawala wa hapa hapa, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka ng'ambo. Ni za karne ya 11. Yaani miaka karibu elfu moja iliyopita, mahali ambapo leo unapita na viatu mkononi, palikuwa na mji unaopiga sarafu zake wenyewe.

Sehemu zote tatu ni mambo ya kale yanayolindwa. Kigae, shanga au sarafu ukiiona, iache ilipo. Ikitoka mahali pake inakuwa pambo tu. Ikibaki inaweza kumwambia mtafiti mji ule uliishije.

Hatari kubwa ni ipi?

Wageni hutuuliza kuhusu nyoka. Nyoka wapo, lakini wengi wao hukukimbia kabla hujawaona. Hatari inayowanasa watu ni bahari. Njia nyingi nzuri za Pemba, kama ile ya Mtambwe Mkuu na njia za kukata mahori, zipo kwa saa chache tu kwa siku. Baada ya hapo hazipo tena.

Tueleze taratibu. Maji hujaa mara 2 na kupwa mara 2 ndani ya mchana na usiku mmoja. Kutoka kupwa kabisa hadi kujaa kabisa ni saa 6 na dakika kidogo. Kila siku muda husogea mbele kwa karibu dakika 50. Kama leo maji yamepwa kabisa saa 4 asubuhi, kesho yatapwa karibu saa 5 kasoro dakika 10, na keshokutwa kama saa 5 na dakika 40.

Nguvu ya maji hufuata mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tunapata bamvua: maji hupwa mbali sana na hujaa juu sana. Tofauti yake katika pwani yetu inaweza kufika mita 4. Mwezi unapokuwa nusu tunapata maji mafu, ambayo hayaendi mbali wala hayapandi sana. Kwa hiyo kalenda ya mwezi, ile tunayohesabia Ramadhani, ndiyo kalenda ya bahari. Bamvua liko siku za mwanzo wa mwezi na tena baada ya tarehe 15. Maji mafu yako karibu na tarehe 8 na 9, na tena 22 na 23.

Kuna jambo jingine la kukumbuka. Katika visiwa vyetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa katikati ya asubuhi, kiasi cha saa 4 au saa 5. Siku za maji mafu hali hugeuka, na muda huo huo wa asubuhi ndio maji yanakaribia kujaa. Mtu aliyevuka jana wiki iliyopita kwa raha saa 5 asubuhi, akirudi wiki hii saa ile ile, atakuta maji.

Lakini linalowadanganya watu zaidi ni mwendo wa maji yenyewe. Hayapandi sawasawa. Hesabu ya mabaharia inagawa kujaa kote katika mafungu 12. Saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Chukua bamvua la mita 4. Saa ya kwanza maji yamepanda kama sentimita 33, nawe unasema bado. Saa ya pili yamepanda sentimita 67 zaidi. Saa ya tatu yanapanda mita nzima, na ya nne mita nzima nyingine. Aliyekaa kupiga picha kwa saa mbili anarudi na kukuta maji ya kifua, na yanaendelea kupanda kwa haraka kuliko yalivyofanya tangu asubuhi. Tena mikokoni maji hayaji kutoka mbele tu. Huingia kwa vijito vya pembeni, na yanaweza kujaa nyuma yako wakati mbele bado ni pakavu.

Kanuni yetu ni hii: anza kuvuka maji yakiwa bado yanapwa, na uwe umegeuka kurudi kabla hayajaanza kujaa. Usihesabu saa mwenyewe kama hujui. Muulize mvuvi au mama anayechokoa pweza. Wao wanajua saa ya leo, na ya pale pale, kuliko simu yako.

Kwa nini twende na mwenyeji, na njia iko wazi?

Swali hili tunaulizwa sana, na mara nyingine kwa hasira kidogo: "Kisiwa ni chetu, kwa nini nilipe mtu anisindikize?" Tutazame wenzetu.

Katika kisiwa cha Krete, Ugiriki, lipo korongo maarufu la Samaria. Watu hutembea karibu kilomita 16, kutoka mlimani kwenye mita zaidi ya 1,200 hadi ufukweni. Serikali ya huko ililifanya hifadhi ya taifa mwaka 1962. Hufunguliwa miezi ya ukavu tu, kuanzia karibu Mei hadi Oktoba, na hata katika miezi hiyo hufungwa siku ya mvua kwa sababu ya mafuriko na mawe yanayoporomoka. Mgeni hukata tiketi juu, huitunza njia nzima, na huionyesha tena anapotoka, ili walinzi wajue hakuna aliyebaki ndani usiku ukiingia. Ni mpango mzuri. Lakini una bei yake: kijiji cha Samaria kilichokuwamo ndani ya korongo kilihamishwa, na leo nyumba zake ni magofu ya kutazamwa na wapita njia.

Sisi Pemba tuna kinyume chake. Hatuna tiketi ya kuonyesha mwishoni, wala mlinzi wa kuhesabu waliotoka. Badala yake tuna watu wanaoishi njiani. Mzee aliyekaa barazani ukampa salamu saa 3 ndiye atakayeuliza saa 11 mbona yule mgeni hajarudi. Mwenyeji unayekwenda naye ndiye tiketi yako. Anajua ujia upi umezibwa na mti ulioanguka, shamba lipi lina ng'ombe mkali, kijito kipi kimejaa baada ya mvua ya jana. Malipo yake si kodi ya kupita kwenye kisiwa chako. Ni ujira wa elimu hiyo.

Kwa upande wa mapato, mfano wa karibu upo Unguja. Katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, sehemu ya fedha za wageni hurudi kwenye vijiji vinavyoizunguka. Pale mtu aliyekuwa akimwona kima punju kama mwizi wa mazao alianza kuona upande wa pili wa hesabu. Njia za ndani za Pemba, nje ya Ngezi na Kidike, nyingi bado hazina mpango wa namna hiyo. Mgeni anapita, anapiga picha, anashukuru na kuondoka. Kama njia haimletei chochote mwenye shamba, hana sababu ya kuiacha wazi siku atakapotaka kujenga au kuuza. Na njia ya mvuvi ikishazibwa na ukuta, haifunguki tena kirahisi. Hili ndilo tunalotaka wasikilizaji wetu, mamlaka za wilaya na masheha walizungumze mapema, wakati njia bado zipo.

Kabla hujatoka nyumbani

Wakati mzuri ni Juni hadi Oktoba, kisha Januari na Februari. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo mwekundu huteleza kama sabuni na mabonde hujaa maji. Vuli ya Oktoba hadi Disemba si mbaya sana, lakini uwe na mwavuli na subira.

Anza mapema, baada ya sala ya Alfajiri ikiwezekana, ili ifikapo saa 5 uwe umekaribia kivuli. Vaa viatu vyenye meno, na suruali au vazi refu. Vazi refu lina faida mbili: ni stara mbele ya wenyeji, na linakukinga na upupu, ambao ukikugusa utajikuna mpaka jioni.

Kijijini toa salamu kabla ya kuuliza njia. Kwa mkubwa sema shikamoo, na ukipita karibu na nyumba piga hodi. Usimpige mtu picha bila kumuomba, hasa kina mama walioko kwenye mpunga. Ukiwa na kundi, mjulishe sheha wa eneo. Mwezi wa Ramadhani, maji yako yanywe faraghani.

Msimu wa karafuu, ambao huanza karibu Julai, utakuta majamvi yameanikwa pembeni mwa njia. Zunguka, usiruke juu yake, wala usiokote hata punje moja ya kunusa bila kuomba. Ukiomba utapewa kiganja kizima.

Makubaliano ya malipo na mwenyeji yafanywe kabla ya safari, si mwishoni. Mwachie mtu wa nyumbani maelezo ya unakopita na saa ya kurudi, kwa sababu mabondeni mtandao wa simu hubahatisha. Takataka zako rudi nazo.

Na kama una njia ya kijijini kwenu ambayo tumeiacha, tuandikie au tupigie wakati wa kipindi. Tutaje jina lake, inaanzia wapi na inaishia wapi, nani anaijua vizuri, na kama inakatwa na maji. Nyingi ya njia hizi zimehifadhiwa vichwani mwa wazee tu, na mzee akiondoka, nyasi huota haraka sana Pemba.